Kompyuta Niliyoiweka Eda

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, najua mtacheka. Chekeni mmalize, halafu mnisikilize. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo darasa la nne lenyewe sikulimaliza. Asubuhi shule, mchana chuoni kwa Kurani, jioni nakaa na mama yangu nadarizi vitambaa vya meza. Kompyuta nimeigusa nikiwa tayari bibi wa watu. Haya naandika kwa mkono kwenye daftari, na mjukuu wangu wa kike anayapiga chapa. Nimemwambia asinitengenezee maneno. Akinitengenezea nitajua.

Sina la kuwafundisha kuhusu kompyuta, mnazijua kuliko mimi. Nataka kuwaeleza hofu niliyoipata mwaka ule, na nilichokifanya kwa mkono wangu baada ya kuogopa kote kule.

Duka letu liko Kariakoo, upande wa kuelekea Mchafukoge, juu ya ngazi moja nyembamba. Tunashona sare za shule. Lakini kinachotulisha hasa ni nembo, ile ya kwenye mfuko wa shati, yenye mwenge au kitabu au mnyama na jina la shule chini yake. Tuna mashine ya kudarizi ya vichwa sita. Sindano sita zinashuka pamoja, mashati sita yanatoka na nembo sita zisizotofautiana hata uzi. Mashine ile haijui kitu. Inaambiwa yote na kompyuta iliyo chumba cha nyuma, na waya umetoka hapa ukaingia pale.

Ndani ya kompyuta hiyo ya nyuma mna nembo za shule zaidi ya mia mbili. Zote kazichora mkaza mwana wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye fundi wa nyumba yetu. Si kuchora kama mnavyochora kwa kalamu. Anaiambia kompyuta kila mshono: hapa uzi uende kulia, hapa ujirudie, hapa ukatwe. Nembo ya kitabu inamla siku nzima. Yenye simba siku tatu, kwa sababu ya manyoya ya shingoni. Amezichora miaka tisa, na mimba mbili ndani ya miaka hiyo tisa.

Na shule zetu mnazijua. Mwezi wa kwanza mtoto akifika getini shati halina nembo, anarudishwa nyumbani, hata kama mama yake analia. Kwa hiyo mwalimu mkuu akija kwangu anataka mzigo, hataki maelezo. Siku nikimwambia nembo yako imepotea, ataingia mlango wa tatu kutoka kwangu, na huko atabaki, yeye na wenzake. Nembo zile zikiondoka, hatuna duka. Naliandika hili mapema mjue nilikuwa naogopa nini.

Kompyuta ya pili ilikuwa mbele, mezani. Hiyo ni ya kupokea oda za walimu kwenye mtandao na kuchapa karatasi. Nazo zilikuwa zimeunganishwa kwa waya, ya mbele na ya nyuma, ili nembo ikija ipite moja kwa moja. Tuliona raha sana siku tulipofungiwa waya ule.

Masika yalikuwa bado hayajakatika. Mkaza mwana alikuwa mezani, akaniita.

"Mama, hii kompyuta inasema mwisho wake mwezi wa kumi."

"Inakufa?"

"Haifi. Waliotengeneza mfumo wake wanasema hawataihudumia tena. Wanasema tununue nyingine."

"Wanasema tununue?"

"Ndiyo."

"Na namba ya kutuma pesa wametaja, kama wale matapeli wa simu?"

Akacheka mpaka akaweka mkono mdomoni. "Si wale, mama."

"Ni wale wale. Futa."

Akafuta. Ikarudi wiki nyingine, akafuta tena bila kuniambia, maana jibu langu alishalijua.

Lazima niwaeleze kwa nini alilijua. Miaka minne nyuma, mwezi wa kwanza, msimu wenyewe, duka limejaa wazazi, kompyuta ya mbele ilijizima ikaanza kuzungusha kiduara. Ikaandika subiri, usizime. Tukasubiri kutoka saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri. Wazazi wakanuna, wengine wakashuka ngazi. Na jioni tukakuta bando la mwezi mzima limekwisha, limeliwa na kile kiduara. Nikauliza kile ni kitu gani, nikaambiwa ni apdeti. Nikasema, kuanzia leo apdeti haingii dukani kwangu. Mwanangu akatafuta mtu, akaja akaizima moja kwa moja, na mimi nikampa chai na vitumbua kwa kazi nzuri.

Miaka minne sikusikia tena habari ya kiduara. Nilijisifu, nasema kweli. Watu wa jengo zima walikuwa wanalalamika bando, mimi nawaambia, zimeni kama nilivyozima. Mmoja alinisikia akafanya hivyo. Huyo namfikia.

Mkabala na mlango wangu kuna mama mmoja mtu wa Kilimanjaro anayechapa kadi za harusi na za michango. Tunataniana kila siku ya Mungu. Nikichoma udi asubuhi anapiga kelele toka kwake, "Bibi, unaita wateja au unaita majini?" Nami namjibu, "Wewe endelea kunusa bure, ningekuwa na tabia yako ya kupenda pesa ungekuwa unalipia." Ndivyo tunavyosalimiana.

Asubuhi moja, Jumanne, nikapanda ngazi nikamkuta amekaa kwenye boksi la karatasi hapo ukumbini, miguu ameinyoosha kama mtu aliyeanguka. Sikutania.

"Kuna msiba?"

"Bora ungekuwa msiba, ningejua la kufanya." Akanyoosha kidole ndani. "Kaangalie."

Nikaingia. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na maneno mekundu ya Kiingereza na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kila kazi yake, kadi za miaka yote, imegeuka herufi zisizosomeka. Wezi wamefunga kila kitu, ufunguo wanao wao, wanataka walipwe. Mlangoni amesimama mama wa bibi harusi, mikono kiunoni, harusi Jumamosi na kadi hana.

Nikarudi ukumbini. "Ilikuwa mbovu hiyo kompyuta?"

"Haikuwa mbovu, bibi. Jana mpaka nafunga ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa."

"Sasa wameingiaje?"

"Fundi anasema kulikuwa na tundu. Anasema dawa ya hilo tundu ilishatolewa siku nyingi, ilikuja kwenye apdeti." Akanitazama, hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniumiza. "Si tulizima? Si inakula bando?"

Niliingia dukani kwangu, nikakaa kwenye kiti cha mkaza mwana, nikaitazama kompyuta ya mbele. Ilikuwa inawaka vizuri, tena haraka. Ile ya jirani nayo jana yake iliwaka vizuri. Tangu siku hiyo nikawa kila asubuhi nikifungua mlango naangalia kioo kwanza kabla ya kusema bismillahi, na nikijikuta nimefanya hivyo nasema astaghafirullah.

Nikamwita fundi wa kompyuta. Ni mtu mzima, ndevu zimeshaanza mvi, anakaa kwenye maghorofa ya Mchafukoge na hafanyi haraka. Alipoingia akasema, "Shikamoo mama." Nikasema, "Marahaba. Kaa. Usiniambie Kiingereza."

Hakunena Kiingereza. Aliniambia hivi, na mimi naandika kama nilivyoelewa. Kompyuta ina mfumo wake, ndio unaoiwezesha kuwaka na kusikia unachoamrisha. Mfumo una matundu. Wezi wanatafuta matundu hayo kutwa, na waliotengeneza mfumo nao wanayaziba, kila mwezi. Apdeti ndiyo saruji yenyewe. Ukifika mwezi wa kumi, wataacha kuziba. Wezi hawataacha kutafuta.

"Na kompyuta itakuwaje siku hiyo?"

"Itawaka kama kawaida, mama."

"Haitaonyesha kitu?"

"Hakuna."

Hilo ndilo lililonitoa jasho. Nimezoea vitu vinavyosema. Cherehani ikichoka inapiga kelele. Mkasi ukiisha makali unatafuna kitambaa. Hiki kinaoza ndani na uso unang'aa.

Akaikagua ya mbele. "Mama, hii haijapata kitu miaka minne."

"Najua."

"Nani aliizima?"

Mkaza mwana akainamisha kichwa, anatafuta uzi ambao haujapotea. Nikasema, "Mimi." Nilisema kwa sauti kubwa, ili isionekane nimeogopa.

Akaingia chumba cha nyuma. Alipotoka alikuwa anafuta miwani. Kompyuta ya nyuma, ile yenye nembo zote, mfumo wake ni wa zamani zaidi. Ulishaachwa kuhudumiwa miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyetuambia, au tuliambiwa tukafuta. Tumeishi nao hivyo. Na waya umetoka ya mbele ukaingia ya nyuma, kwa hiyo mwizi akiingia mezani anafika chumbani bila kubisha hodi.

Nikamwambia, "Basi tununue mpya mbili, tuzitupe hizi."

"Ya nyuma hutaitupa. Mashine ya kudarizi inaelewana na mfumo huo wa zamani tu. Ukiiletea kompyuta mpya, mashine haitaitambua. Labda ununue na mashine mpya ya vichwa sita."

Mashine ya vichwa sita bei yake ni nyumba. Hatukuendelea na hilo.

Akaomba daftari. Akamwandikisha mkaza mwana: kila kompyuta, kazi yake, nani anaigusa, imeshikana na nini, nakala ya vitu vyake iko wapi. Mwisho wa kila mstari akaandika swali moja, ikifa leo, kesho mtafanyaje? Kwa ya mbele tulijibu haraka, tutatumia simu. Kwa ya nyuma kalamu haikuandika kitu. Mashine zikawa zinalia kule ndani, cherehani mbili, na sisi watatu tunatazama ule mstari mtupu. Nakala hatukuwa nazo. Miaka tisa, simba na mienge na vitabu, vyote viko kwenye boksi moja la chuma lenye vumbi, juu yake nimetandika kitambaa nilichodarizi mwenyewe ili lipendeze.

Tulianza na kununua ya mbele. Msidhani ilikuwa rahisi. Mwaka ule Kariakoo ilijaa kompyuta zilizotumika, zimepangwa kama matofali. Ofisi za nje zilikuwa zinazitoa kwa sababu ile ile, mwezi wa kumi umekaribia, na zilikuwa zinamiminika kwetu. Muuzaji mmoja, kijana mchangamfu, akaniambia, "Bibi, hii ina mfumo mpya kabisa, chukua ukalale." Ilikuwa imeandika kweli mfumo mpya. Fundi akainama, akabonya bonya, akaniambia pembeni, "Umelazimishwa humu. Hii kompyuta haiustahili. Siku yoyote wenye mfumo wataikatalia."

Nimenunua mitumba Mchikichini tangu nina watoto wachanga. Shati nalipindua, natazama kwapa, natazama mshono wa pindo, nalivuta juani, hunidanganyi. Pale nilisimama mbele ya yale maboksi, sina pa kupindua. Mikono ilikuwa haina kazi. Nilishika mkoba wangu kwa nguvu mpaka fundi akaniambia, "Mama, twende duka lingine." Duka la nne ndipo tukapata iliyo halali. Mkaza mwana akaiwekea neno la siri, na apdeti ikaachwa wazi, ije ile bando itakavyo.

Ya nyuma ikabaki. Fundi akasema, dawa ya hii ni kuitenga. Waya ukatwe. Mtandao isiujue. Isiingiziwe kitu kilichotoka nje.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wake, mama."

Nikafikiri, nikasema, "Basi hii inakaa eda."

Mume wangu alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba kimoja hapa hapa mjini. Sikutoka. Mwanamume asiyekuwa maharimu wangu, yaani ndugu asiyeweza kunioa, hakuniona. Kila aliyetaka kuingia alipita kwanza kwa shangazi yangu aliyekaa mlangoni, na shangazi yule hakumwonea mtu haya. Kwa hiyo kutengwa nakujua. Lakini mkaza mwana, ambaye mdomo wake haukai, akauliza, "Kompyuta nayo ina mume, mama?"

"Mume wake ni hiyo kampuni."

"Kampuni haijafa. Imemwacha tu. Hiyo talaka."

"Na talaka nayo ina eda yake. Nyamaza ukakate waya."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Ile ndiyo siku pekee tuliyocheka mwaka ule kwa habari ya kompyuta.

Tukaiweka eda. Waya ukakatwa, nikauhifadhi mwenyewe. Tukanunua flashi moja mpya, nikaifunga uzi mwekundu, hiyo ndiyo maharimu wake. Nembo mpya inapokewa kwenye kompyuta mpya ya mbele, inakaguliwa virusi, inapanda kwenye flashi ya uzi mwekundu, inaingia nyuma, na huko inachorwa. Hakuna nyingine. Tukanunua na diski mbili za nakala. Kila Jumamosi mkaza mwana ananakili nembo zote, diski moja inakaa dukani, ya pili narudi nayo nyumbani kwenye mkoba, nimeikumbatia kama kitoto. Fundi akatutafutisha pia ile sidii ya zamani ya kuiweka upya mashine. Siku mbili tulipekua. Tuliikuta chini ya droo ya cherehani, imegandana na nta.

Mwezi wa kumi ukafika. Siku yenyewe nilikwenda dukani na mapema. Nikaiwasha ile ya zamani ya mbele, tuliyoiweka kando bila mtandao, ikawaka. Mchana ikawaka. Jirani akatoka mlangoni kwake, alikuwa ameanza upya kwa kompyuta ya kuazima, akaniuliza, "Vipi bibi, imelia?" Nikamwambia haijasema kitu. Akasema, "Na yangu haikusema." Tukaingia ndani kila mtu kwake.

Sasa nafika kwenye kosa, na sitalizunguka.

Mwezi wa kumi na mbili, Jumatano. Shule karibu zifunguliwe, mashine ya vichwa sita haipumziki. Mkaza mwana alikwenda kununua uzi wa dhahabu, ulikuwa umetuishia katikati ya kazi. Mwanangu yuko kiwandani kufuata vitambaa. Washonaji wawili wako kwenye cherehani zao. Akaingia mwalimu mkuu mmoja mwanamke, wa makamo yangu. Mwalimu huyu ndiye aliyemfundisha mwanangu wa kwanza kusoma. Nembo ya shule yake ni miongoni mwa za mwanzo kabisa tulizochora. Akija kwangu nampa kiti changu.

"Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo, ndugu yangu, ila nina haraka. Gari nimeiacha vibaya chini, wataifunga mnyororo sasa hivi. Nembo imebadilishwa. Wakubwa wameongeza neno chini ya kitabu. Iko humu." Akatoa flashi. "Nataka tu nione inafunguka, nisije nikafika nyumbani naitwa tena."

Ya mbele ina neno la siri, na mimi nilikataa kufundishwa neno lile, nikasema kichwa changu kimejaa. Ya nyuma haina. Ningeweza kumwambia, mwalimu, ngoja mkaza mwana arudi. Ningeweza kumwambia, hiyo haiingii humu. Kumwambia mtu kama yule kwamba kitu chake kichafu! Ulimi ulikataa. Nikamwambia, "Pita huku, mwalimu." Nikachukua flashi kwa mkono wangu, huu huu ninaoandikia, nikasema bismillahi, nikaichomeka.

Ikafunguka. Mwalimu akafurahi. Halafu yale mafaili ya nembo zangu yakaanza kubadilika, moja moja, yanapata mshale mdogo pembeni. Kisha yakawa mawili mawili. Kisha kioo kikaganda. Na kule kando, mashine ya vichwa sita, iliyokuwa katikati ya kazi, ikanyamaza. Sindano zote sita zimesimama ndani ya mashati.

Hamjui kimya kile. Miezi yote ile nilikuwa nakisubiri.

"Imekuwaje?" mwalimu akauliza.

"Inafikiri tu, mwalimu. Kawahi gari."

Akashuka ngazi. Mimi nikabaki nimesimama, sikai, sigusi. Nilianza kuhesabu simba, yupi wa shule ipi, nikashindwa kuwakumbuka. Nilitaka kuichomoa flashi nikaogopa. Nilitaka kuizima nikaogopa. Mwisho nikaichomoa, nikaificha kwenye pindo la mtandio.

Mkaza mwana akarudi na uzi wake. Alisikia kimya tangu ngazini, alipanda mbio.

"Nani kagusa?"

Nikalishika pindo la mtandio.

Akawageukia washonaji. "Nani kaingia huku? Mmechomeka simu? Si nimesema msichaji simu humu?"

Mdogo wao akaanza kuapa. Mkubwa akasema, "Dada, sisi hatujanyanyuka hapa." Mkaza mwana akasema, "Basi ni jini la udi wa mama." Na yule mdogo akaanza kulia, kwa sababu alijua kazi yake imekwisha.

Nami nilikuwepo pale, nimenyamaza. Nimewaacha kwa muda wa kutosha kusali rakaa mbili. Naliandika hili kwa sababu nimeahidi kuandika kweli. Niliogopa kompyuta mwaka mzima, na ilipofika saa yenyewe nikamwogopa zaidi mkaza mwana wangu. Niliogopa atakavyonitazama.

Nilipoona machozi ya yule mtoto wa watu yanadondokea kola ya shati la shule, nikatoa flashi kwenye mtandio nikaiweka mezani. "Ni mimi. Ni ya mwalimu. Mwache huyo."

Alinitazama, halafu akatazama chini haraka, kwa heshima. Ningependa angepiga kelele. Akachukua simu akampigia fundi.

Fundi alifika kabla ya alasiri. Alikaa siku mbili. Aliifuta kompyuta yote, ikabaki tupu kama siku ilipozaliwa, na aliposema imeshakuwa tupu niliondoka nikaenda kusimama dirishani. Akaiweka upya kwa ile sidii ya zamani. Ilikataa mara ya kwanza. Ikakataa mara ya pili. Mara ya tatu mashine ikaitambua, sindano zikanyanyuka zenyewe kutoka kwenye yale mashati. Kisha akachomeka diski yangu ya Jumamosi. Tulikaa mstari mmoja, mimi, mkaza mwana, mwanangu, tunatazama majina ya shule yakirudi. Mkaza mwana alikuwa anayasoma kwa sauti ndogo.

Zilirudi zote isipokuwa tatu alizozichora usiku na mchana baada ya Jumamosi. Mojawapo ina simba. Alizichora tena huku shule zinafunguliwa, macho mekundu, na wazazi wa shule moja walichelewa siku nne. Watoto wao walisimama getini. Sikuwafuata kuwaomba radhi wote, niliwafuata niliowajua. Mwalimu nilimwambia ukweli wa flashi yake. Alinuna, kisha akaenda kuisafisha. Hakuhama.

Siku ile ile mashine ilipoanza tena kulia, kabla fundi hajafunga mkoba wake, niliwaita wote chumba cha nyuma. Mwanangu, mkaza mwana, mjukuu wangu anayepiga chapa haya, washonaji wawili. Yule mdogo nilimweka mbele. Nikawaambia:

"Neno la siri la kompyuta ya mbele nitafundishwa leo, kabla sijala. Na hii ya nyuma, mtu yeyote mkimwona ameshika flashi ya mgeni mbele yake, mshikeni mkono. Mkiniona mimi, nishikeni mkono. Awepo mwalimu, awepo shehe, awepo mkuu wa mkoa, nishikeni mbele yake na mniondoe hapa kwa nguvu. Msiniombe ruhusa, na msiseme nami kwa adabu. Shikamoo mtanipa nikishatoka nje."